Siku ya Mkutubi ni Somo kwa Mwalimu

Wanachuo walio wengi wakiulizwa mkutubi anafanya kazi gani, hujibu kwamba anatunza vitabu. Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyosahauliwa ndiyo yenye faida kwa mwalimu wa shule ya msingi. Mlinzi wa ghala naye hutunza mali. Akifunga mlango jioni na hesabu yake ikawa kamili, kazi yake imekwisha. Lakini mkutubi ambaye vitabu vyake vyote vimo rafuni jioni, wala hapana hata kimoja kilichotoka, ana sababu ya kusikitika.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi siku moja ya kazi inavyokwenda katika maktaba ya lugha, yaani maktaba, au sehemu ya maktaba kubwa, inayokusanya kamusi, vitabu vya sarufi, fasihi, magazeti na maandishi mengine yahusuyo lugha. Mfano wangu ni maktaba ya Kiswahili ya hapa Tanzania, kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha ambayo wengi wa wasomaji wa jarida hili watafundishia. Maoni yangu ni kwamba mwalimu wa darasa hana budi awe mkutubi wa darasa lake, na kwamba kazi hiyo ni sehemu ya mbinu za kufundisha, wala si kazi ya ziada ya kumsaidia mtunza stoo.

Asubuhi: kila kitabu mahali pake

Kabla mlango haujafunguliwa, mkutubi huanza kwa kupitia rafu. Vitabu vilivyorudishwa jana hurejeshwa mahali pake, na vile vilivyosimama mahali pasipo pake huondolewa. Kazi hii huonekana ndogo machoni pa mgeni, lakini kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake kimepotea, hata kama kimo humo humo chumbani, kwa sababu anayekitafuta hatakiona.

Utaratibu unaofuatwa na maktaba nyingi duniani ni ule uliotolewa na Melvil Dewey wa Marekani mwaka 1876. Maarifa yote yamegawanywa katika mafungu kumi kwa tarakimu. Fungu la 400 ni la lugha, na fungu la 800 ni la fasihi. Vitabu vinavyoeleza lugha ya Kiswahili hupewa namba 496.392, na vile vya fasihi ya Kiswahili hupewa 896.392. Mwanachuo azitazame vizuri namba hizo mbili: zimetofautiana tarakimu ya kwanza tu, nne ikawa nane. Aliyekwisha kuelewa jambo hilo hana haja ya kukariri orodha ndefu; anaingia maktabani kama mtu anayeingia mtaa wenye nyumba zilizoandikwa namba.

Baada ya rafu hufuata vitabu vipya. Kila kitabu hupigwa muhuri na kuandikwa katika daftari la kupokelea: namba yake, mwandishi, jina la kitabu, tarehe ya kufika na mahali kilikotoka. Kisha huja kazi ya kuamua mahali pake, na hapo ndipo elimu ya mkutubi inapopimwa. Chukua mfano wa mkusanyo wa vitendawili. Je, ni fasihi, uwekwe pamoja na diwani za mashairi? Utaratibu wa Dewey huviweka vitendawili katika 398.6 na methali katika 398.9, kwa maana ni mali ya jamii nzima iliyopokewa kwa mdomo, wala hazina mtunzi mmoja ajulikanaye. Kitabu chenye picha ya simba jaladani chaweza kuwa hadithi, na chaweza kuwa sayansi. Mkutubi hawezi kuamua kwa kutazama jalada. Hana budi afungue, asome dibaji na yaliyomo, ajue kitabu kinasema nini na kinamfaa nani.

Hata majina ya waandishi yana mambo yake. Anayetafuta vitabu vya Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, huenda akatazama herufi S, na mwenzake akatazama herufi R. Mkutubi huchagua herufi moja ya kuandikia vitabu hivyo vyote, halafu chini ya herufi ya pili huweka kadi ya kumwelekeza msomaji kwenye ile ya kwanza. Hasemi kwamba aliyetazama pasipostahili amekosa. Humwekea kibao cha njia mahali pale pale atakapofika. Siku hizi maktaba nyingi zimehamishia orodha zao katika kompyuta, lakini kibao hicho lazima kiwekwe na mtu aliyefikiri kwanza.

Adhuhuri: swali lililo nyuma ya swali

Wasomaji wakianza kufika, mkutubi huacha kalamu na kusikiliza. Watu hawaulizi wanachotaka kujua. Aghalabu huuliza kile wanachodhani maktaba inaweza kutoa. Tuseme mwalimu mwanafunzi amefika, akasema, "Shikamoo, mama. Naomba kitabu cha ngeli." Mkutubi mvivu atamwonyesha rafu ya sarufi kwa kidole, na mwanafunzi atapoteza saa nzima. Mkutubi mwenye kujua kazi yake ataitikia salamu, kisha aulize, "Ungependa kujua nini hasa kuhusu ngeli, mwalimu?" Hapo ndipo litatoka swali lenyewe: katika mazoezi ya kufundisha, mtoto wa darasa la nne ameuliza kwa nini twasema "kiti kimeanguka" lakini hatusemi "kiongozi kimefika".

Swali hilo halihitaji kitabu kizima cha sarufi. Mkutubi humpa msomaji kamusi, akamwambia atafute maneno hayo mawili na atazame alama zilizo kwenye mabano. Mbele ya kiti ataona ki-/vi-. Mbele ya kiongozi ataona a-/wa-. Sasa mwanafunzi mwenyewe ameanza kuona njia: umbo la neno ni moja, lakini kiongozi ni mtu, na chenye uhai hufuata upatanisho wa viumbe. Akitoka hapo atafute kijana, kipofu na kiziwi, atakuta hali ni ile ile. Mkutubi hakumpa jibu. Amemweka mahali ambapo jibu linaonekana, na kesho mwanafunzi huyo atajua kufika hapo bila msaada.

Hebu mwanachuo apime ni mara ngapi sisi walimu twajibu swali la mtoto kabla hatujajua anauliza nini, na ni mara ngapi twamjibu jambo ambalo angeweza kulipata kwa mikono yake mwenyewe.

Kamusi ndicho kitabu kinachoombwa mara nyingi katika maktaba ya lugha, tena ndicho kinachowashinda wengi. Kamusi Sanifu ya Kiswahili na Kiingereza, iliyosimamiwa na Frederick Johnson kwa niaba ya kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, ilitolewa mwaka 1939. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, inayoeleza Kiswahili kwa Kiswahili, ilitayarishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mwaka 1981. Vitabu hivi na vilivyofuata vimo katika vyuo vingi, lakini kuwa navyo ni jambo moja, na kujua kuvifungua ni jambo jingine.

Mtoto akisoma neno "anapikiwa", akaenda kulitafuta chini ya herufi A, hatalipata, na atadhani kamusi haina neno hilo. Lazima afundishwe kuvua viambishi mpaka afikie mzizi, kisha atazame pika. Akisoma "ndimi" lazima ajue kurudi kwenye ulimi; "meno" kwenye jino; "nyuso" kwenye uso. Kwa hiyo kutafuta neno katika kamusi ya Kiswahili ni zoezi kamili la sarufi, wala si kazi ya macho peke yake. Mkutubi hufundisha jambo hili kila siku, kwa msomaji mmoja mmoja, akiwa amesimama. Mwalimu angeweza kulifundisha kwa darasa zima kwa nusu saa.

Alasiri: gundi, uzi na magazeti

Mchana ukipita, mkutubi huketi na vitabu vilivyochoka. Ukurasa uliochanika huunganishwa, mgongo uliolegea hutiwa gundi, karatasi zilizochomoka hushonwa kwa uzi. Katika maktaba iendayo vizuri meza hii haikosi kitabu, kwa sababu kisichosomwa hakichaniki. Kitabu kilichozeeka kwa kushikwa humweleza mkutubi kile ambacho wasomaji wanakipenda, na kile kilichokaa miaka kikiwa kipya humwuliza: je, sifai, au hakuna aliyeambiwa kwamba nipo?

Hali kadhalika hupanga magazeti ya siku. Maktaba ya lugha haiyatupi baada ya habari zake kuchakaa, maana neno jipya huonekana gazetini kabla halijaingia katika kamusi. Anayetaka kujua Kiswahili kiliandikwaje zamani hana budi afungue magazeti kama Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923. Aliyeyahifadhi hakujua nani atayahitaji, wala lini.

Mwisho wa siku mkutubi hufanya hesabu. Huhesabu vilivyoazimwa, vilivyorudi na vilivyochelewa, na kuandika maswali yaliyokosa jibu ili ajue kitabu gani kiagizwe. Daftari lake lataja pia majina ya watu, maana kila kitabu kilichotoka kina mtu aliyekichukua.

Kabati lenye kufuli

Sasa tuitoke maktaba, twende shuleni. Mwalimu mpya aendaye kuripoti katika shule ya msingi huenda akakuta vitabu vya hadithi na kamusi vimo ndani ya kabati ofisini, vimefungwa kwa kufuli, vingine bado vimo ndani ya karatasi vilivyofika nazo. Akiuliza, ataambiwa kwamba watoto watavichana, na kwamba wakaguzi wakija lazima hesabu itimie. Anayetoa jibu hilo si mtu mbaya. Amekabidhiwa mali ya umma naye anaogopa kulaumiwa, na hofu yake ina msingi.

Hata hivyo tutazame hasara ya pande zote mbili. Tuchukue darasa la watoto 60 lenye vitabu 30 vya hadithi. Tuseme kila Ijumaa vitabu vyote 30 huazimishwa kwa juma moja, nusu ya darasa juma hili na nusu nyingine juma lijalo. Katika majuma 36 ya masomo vitakuwa vimetoka mara 1,080, yaani kila mtoto atakuwa amechukua kitabu nyumbani mara 18. Tuseme tena kwamba mwisho wa mwaka vitabu vitano vimepotea au vimechanika kabisa. Katika shule ya pili, yenye vitabu vile vile na kufuli zuri, vitabu 30 vyote vipo. Ni shule ipi iliyopoteza zaidi? Ya kwanza imepoteza vitabu vitano. Ya pili imepoteza nafasi 1,080 za mtoto kukaa na kitabu.

Wasomi wa ukutubi waliliona jambo hili zamani. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alitoa mwaka 1931 kanuni tano za kazi hiyo, na ya kwanza kabisa yahusu matumizi: kitabu kipo ili kitumike. Katika Ulaya ya kale vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu, na Kanisa Kuu la Hereford nchini Uingereza bado lina maktaba ya namna hiyo. Lakini hata mnyororo ule ulikuwa mrefu wa kutosha kumwezesha msomaji kukifungua kitabu pale mezani na kukisoma. Kufuli letu halitoi hata nafasi hiyo.

Nchi yetu nayo ina historia yake ya kujifunzia. Siku Mwalimu Nyerere alipoifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 1967, sehemu kubwa ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata, pamoja na madarasa ya kisomo, zilianzishwa maktaba za vijijini. Sababu yake ilikuwa wazi: mtu aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma atasahau. Kama ilikuwa hivyo kwa mtu mzima mwenye nia yake, sembuse mtoto wa darasa la pili aliyeanza juzi kuunganisha silabi? Kumfundisha K tatu, kisha kumfungia vitabu, ni sawa na kumfundisha kulima na kumnyima jembe.

Mwalimu afanyeje

Kwanza, awe na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walio na kabati hupenda kuikariri methali hiyo. Lakini methali yenyewe yataka daftari, wala haikutaja kufuli. Mistari mitano yatosha: namba ya kitabu, jina la kitabu, jina la mtoto, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Watoto wawili wa zamu, wakibadilishwa kila mwezi, waweza kuliandika wenyewe chini ya uangalizi wa mwalimu. Hilo nalo ni somo la kuandika lenye maana, maana asiyeandika vizuri hatajua kitabu kiko wapi.

Pili, watoto wapange vitabu wao wenyewe. Hapana haja ya namba za Dewey katika darasa la tatu. Mafungu matano yenye alama za rangi yatosha: hadithi, wanyama na mimea, nchi na watu, kazi za mikono, na lugha. Mwalimu awape kitabu kipya na awaulize kiende fungu gani, na kwa nini. Wakibishana, awaache wabishane, mradi kila mmoja athibitishe kwa kufungua kurasa. Mtoto aliyebishana hivyo amejifunza kutazama yaliyomo, jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui.

Tatu, kipindi kimoja kwa juma kiwe cha kamusi. Hata ikiwa kamusi ni moja kwa darasa zima, mwalimu aweza kuandika ubaoni maneno matano yenye viambishi, vikundi vikavua viambishi na kutaja mzizi, kisha mtoto mmoja akafungua kamusi mbele ya wote kuona ni nani aliyepatia. Kazi hiyo iandikwe katika azimio la kazi na katika andalio la somo kama kazi nyingine yoyote, isiachwe iwe mchezo wa kujazia muda.

Nne, mwalimu ajizoeze kuuliza kabla ya kujibu. Mtoto akisema, "Mwalimu, sielewi," aulizwe ni neno gani, au sentensi ipi, au ni kitu gani alichotarajia akakikosa. Jibu likiwamo kitabuni, aonyeshwe kitabu.

Tano, iwepo siku ya gundi na uzi. Mwisho wa kila mwezi vitabu vilivyochakaa vitengenezwe na watoto wenyewe. Aliyeshona kitabu kwa mkono wake hakichani kwa urahisi.

Kuhusu wakaguzi, ushauri wangu ni huu: mwalimu asijitwalie madaraka ya kulifungua kabati kwa siri. Aende kwa mwalimu mkuu akiwa na daftari lililokwisha kuchorwa mistari, aombe vitabu kumi vya kuanzia kwa muhula mmoja, na kila kitakachopotea kiandikwe siku hiyo hiyo na kuarifiwa kamati ya shule. Mkuu anayekataa kutoa vitabu 100 kwa mwalimu asiye na utaratibu, aghalabu hatakataa kutoa kumi kwa mwenye utaratibu. Na muhula ukiisha, daftari litasema lenyewe ni watoto wangapi walisoma.

Yawezekana baadhi ya wasomaji watasema kwamba mwalimu wa darasa ana kazi nyingi mno, na kwamba darasa la watoto 90 haliwezi kuendeshwa hivyo. Ni kweli kazi ni nyingi. Lakini mwenye darasa kubwa ndiye hasa anayehitaji utaratibu huu, kwa sababu hawezi kumfikia kila mtoto kwa sauti yake katika dakika 40. Kitabu kilicho mkononi mwa mtoto jioni nyumbani huendelea kufundisha wakati mwalimu amelala.

Basi, mwanachuo, kabla hujamaliza masomo yako, nenda katika maktaba ya chuo chako si kwa ajili ya kuazima tu. Mwombe mkutubi akuruhusu ukae naye siku nzima, tangu kupanga rafu asubuhi hadi hesabu ya jioni. Shika gundi, andika kadi, sikiliza maswali ya wasomaji na jinsi yanavyojibiwa. Kisha utakapofika katika shule utakayopangiwa, na kuonyeshwa darasa lako, uliza pia funguo za kabati ziko kwa nani.